Zamu ya Mama

Kituo cha simu, Januari 9

Kitinda,

Usishtuke kuona mwandiko wangu katikati ya mwezi, hakuna aliyekufa. Ni habari za Mama.

Hoteli wamemwambia sasa apumzike. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na juzi alikunja pindo za mashuka upande usiofaa, wageni wakalalamika. Msichana mpya wa chumba cha mashuka ameshapatikana. Na kama ujuavyo, ile nyumba ya uani tuliyokulia haikuwa yetu hata siku moja, ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda.

Nilikwenda Jumapili kumwona. Nilimkuta ameshafunga vitu vyake, amepiga deki hadi nyuma ya mlango, anamsubiri msichana aje achukue ufunguo. Nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akasema popote tutakapopanga. Unamjua Mama. Ukimpa chai yenye chumvi atakushukuru na kusema imekolea.

Nimezungumza na shemeji yako, akakubali kabla sijamaliza sentensi. Basi tupokezane: nusu mwaka akae kwangu, nusu mwaka kwako. Safari haitatusumbua, maana shemeji yako ndiye anayekaa dirisha la tiketi pale stesheni. Nianze mimi kwa sababu ndimi mkubwa, na kwa sababu ukianza wewe utamrudisha amejaa wino.

Jibu upesi. Taa za ubao zimeanza kuwaka, watu wanataka kuunganishwa.

Dada yako,
Bi Mkubwa


Kiwandani, Januari 17

Dada,

Nimepokea amri yako na nimesimama wima.

Nakubali, nifanyeje? Ila nimekaa nikafikiri jinsi mambo haya zamani yalivyokuwa hayaandikiwi barua. Bibi alipozeeka hakuhama. Baba alikuwa kitinda mimba kama mimi, akabaki naye, akaoa mle mle, na Mama akaingia nyumba ile akiwa bibi harusi akamkuta mama mkwe na fimbo yake kwenye kiti cha mlangoni. Akamuogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Nyumba yenyewe ingekuwapo, leo ningekuwa nimeirithi mimi, na Mama angekuwa kwenye kiti kile. Lakini barabara ilipopanuliwa ikavunjwa, Baba akafariki mwaka uliofuata, na sisi tukaishia uani mwa hoteli.

Kwa hiyo moyoni naona zamu zote zingekuwa zangu. Lakini nikitazama vyumba vyangu viwili hapa juu ya kiwanda cha chapa, nanyamaza. Mashine ikianza asubuhi, vikombe vinatembea mezani vyenyewe. Wifi yako anasema tutamtengea Mama kile cha nyuma, watoto tutalala nao sisi. Anamsubiri kuliko mimi.

Anza wewe. Mpe Mama shikamoo yangu.

Kitinda, mchapaji wa kalenda za watu wengine


Nyumbani kwa dada yako, Aprili 14

Mwanangu Kitinda,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu wangu. Naandika kwa herufi kubwa, usidhani nakufokea, ni macho.

Hapa nipo salama kabisa. Dada yako ana maji ndani ya nyumba, kufungua bomba tu. Nimepewa chumba chenye dirisha, asubuhi jua linaingia hadi miguuni kwangu. Mumewe ni mpole. Akirudi kazini ananiuliza habari za mchana kana kwamba mimi ndiye niliyesafiri. Dada yako mwenyewe anafoka kama tangu utoto wake, lakini ukimsikiliza vizuri ni huruma tupu. Sijui mama gani amepata zaidi ya haya.

Yeye simwambii. Kumsifu mwenye nyumba usoni ni sawa na kumuomba, na sikuwalea hivyo. Nakwambia wewe ili usiwe na wasiwasi juu yangu. Yeye namsimulia habari zako tu, jinsi ulivyokuwa ukinishikia nyuzi, na jinsi ulivyo mwepesi wa kucheka.

Nakuombea mikono yako, mashine zile ni kali.

Mama yako


Kituo cha simu, Juni 28

Kitinda,

Mama anakuja kwako Jumatano na treni ya asubuhi. Kampokee mwenyewe, usimtume mtu.

Nataka ujue hali ilivyokuwa, maana nimelia na sitaki shemeji yako aone. Nilitaka abaki. Sikutaka nusu mwaka, nilitaka abaki moja kwa moja. Lakini miezi yote hii ameishi kwangu kama mtu aliye stesheni. Unakumbuka msimamizi wao wa hoteli alivyokuwa akiwafundisha, kwamba chumba kizuri ni kile ambacho anayeingia hajui kama kuna mtu alilala? Basi ndivyo alivyokuwa. Asubuhi nikiingia chumbani kwake, godoro limekunjwa, shuka imepangwa juu yake, nguo zimerudi sandukuni. Shemeji yako alimtengenezea rafu nzuri, kaipiga msasa siku nzima. Mama akaisifu mbao yake, akaipangusa vumbi kila siku, na hakuweka hata kitana. Kikombe chake sijawahi kukiona kimelala kwenye beseni. Ukimkuta ameketi, anasimama akupishe.

Na mazungumzo yake ni wewe. Kitinda anacheka hivi, Kitinda ana mke mwenye subira, kwa Kitinda hapakosekani watoto wa kuzungumza nao. Mimi sikuzaa, Kitinda. Ukweli ni kwamba wiki hii yote nilikuwa nasubiri aseme neno moja tu, "Niache nibaki," tiketi ningeichana pale pale. Hakusema. Alifunga sanduku lake siku mbili kabla.

Basi naona roho yake iko kwako. Mtunze.

Bi Mkubwa


Kiwandani, Septemba 22

Dada,

Umenipa kazi ya kuwaza. Nilipoisoma barua yako nilifurahi, nakiri, nikajiona mshindi. Nikamwambia wifi yako, Mama amefika nyumbani kwake hasa.

Sasa nisikilize. Godoro limekunjwa. Nguo ziko sandukuni. Asubuhi wifi yako akiamka anakuta moto umewashwa, sakafu imepigwa deki, na Mama ameketi ukingoni mwa kitanda amevaa viatu. Watoto wananiuliza kama Bibi huwa analala. Mke wangu ameanza kunung'unika, si kwa ubaya, anasema mkwe wake anaishi humu kama mgeni na anamtia aibu, labda hapendi mapishi yake. Mimi nikajaribu kumchokoza Mama kidogo, nikamwambia hapa kwetu sheria ni kuamka umechelewa. Akacheka, na kesho yake akaamka mapema vile vile.

Na anachozungumza ni wewe. Bi Mkubwa ana maji ndani. Kwa Bi Mkubwa jua linaingia hadi miguuni. Mume wa Bi Mkubwa alimtengenezea rafu, hajapata kuona rafu nzuri namna ile. Mashine ikianza kunguruma namwona anashika kikombe chake kwa mikono miwili, anatazama mlango, na mimi najua anakumbuka utulivu wa kwako.

Mimi pia nilitaka abaki moja kwa moja. Nilishaongea na mwenye nyumba juu ya chumba cha tatu kule nyuma. Lakini siwezi kumfungia mtu mzima kwenye kelele kwa kuwa tu nampenda. Naona umekosea hesabu zako, Bi Mkubwa. Roho yake iko kwako.

Kitinda


Nyumbani kwa Kitinda, Novemba 11

Mwanangu Bi Mkubwa,

Tunza afya yako, mwambie mume wako namkumbuka. Hapa nipo vizuri mno. Mkwe wangu ana mkono mwepesi jikoni na hanipi kazi nzito hata nikimbembeleza. Watoto wananipanda mgongoni. Kitinda akirudi jioni ana wino hadi masikioni, ananifanya nicheke mpaka mbavu zinauma. Kelele za mashine nimezizoea, siku ikiwa kimya ndiyo nashtuka.

Jana mjukuu aliniuliza nilikuwa naishi wapi zamani. Nikamsimulia habari za bibi yenu. Nikakumbuka kwamba katika miaka yote ile niliyokaa naye hatukuwahi kumuuliza anataka kukaa wapi. Alikuwapo tu. Chakula kikipakuliwa, chake kinapakuliwa. Akiwa na hasira anatufokea, akichoka analala hata mchana kweupe, katikati ya njia, tunamruka. Mgeni ndiye anayeulizwa. Wakati ule nilikuwa kijana, nikimwona kama mzigo, Mungu anisamehe. Sasa naona alikuwa mtu mwenye bahati kubwa na hakujua.

Lakini hizo zilikuwa nyakati nyingine, na nyumba nyingine. Nyie mna kazi zenu. Nikirudi kwako mwezi ujao nitakuletea kitambaa cha meza, nakishona kwa kupapasa. Kama hamjaniandaa chumba msijali, hata pale penye kochi panatosha.

Mwambie baba yako, nimesahau nilitaka umwambie nini. Basi.

Mama yako


Kituo cha simu, Novemba 19

Kitinda,

Mama ameniandikia habari za Bibi, barua nzima. Nimeisoma mara nyingi hapa kwenye ubao hadi mteja mmoja nikamuunganisha na zimamoto. Maana yake nimeielewa: amechoka kuhamishwahamishwa. Anataka mahali pamoja, kama Bibi alivyokuwa na mahali pake. Hilo ni haki yake.

Sasa mahali hapo pawe wapi? Wewe unasema kwangu, mimi nasema kwako. Tukiendelea hivi tutamzeesha njiani. Mimi sitaki kumvutia kwangu kwa nguvu halafu awe anakulilia wewe, na najua wewe pia hutaki. Tufanye jambo moja la haki. Tumuulize. Tumwandikie kwa pamoja, tutie sahihi wote wawili, aone hakuna anayemshurutisha. Atakapochagua, mwingine ameze mate anyamaze.

Najua utasema kwa nini barua wakati yuko chumba cha pili. Kwa sababu usoni hatakwambia ukweli, atakwambia unachotaka kusikia. Karatasi haina uso. Nimeandika, nimetia sahihi, iko humu ndani. Isome, utie yako, umpe.

Bi Mkubwa


Kwa Mama, Desemba 1

Mama mpendwa,

Sisi wanao wawili tumezungumza, na tumeona si vema wewe kuendelea kusafiri huku na huku katika umri huu. Tunataka uwe na mahali pamoja pa kudumu. Tafadhali chagua mwenyewe unapotaka kukaa. Uwe huru kabisa, usimwonee haya yeyote. Popote utakapochagua sisi tutaridhika, na hakuna atakayenuna.

Tunakupenda.

Bi Mkubwa na Kitinda


Desemba 8

Wanangu wapendwa wote wawili,

Barua yenu Kitinda alinipa mkononi wakati wa chai, kisha akashuka chini kazini. Nimeisoma polepole. Nawashukuru kwa kuniuliza kwa adabu. Nimefurahi kuona sahihi zenu zimekaa pamoja, na mwendelee hivyo hivyo baada yangu.

Nimechagua. Mnamkumbuka Mpishi, yule mama aliyekuwa akiwapa makombo ya mkate mlangoni mwa jiko la hoteli. Sasa yuko katika ile Nyumba ya Wazee nyuma ya soko la zamani, na aliniletea salamu kwamba kitanda cha pili chumbani kwake ni kitupu. Nitakwenda huko. Ni mji ninaoujua, na kazi ndogo ndogo za kushona hazikosekani. Hivyo hakuna atakayepata tabu, wala hakuna atakayesema mwenzake alipendelewa.

Msiwe na huzuni. Mmenitunza vizuri. Msije kunitembelea mapema, mniache kwanza nizoee, nitawaita.

Mama yenu


Kiwandani, Desemba 20

Dada,

Nimerudi jana. Nimempeleka mwenyewe.

Pale mahali ni pasafi. Vyumba vya vitanda viwili viwili, ukumbi wenye benchi ndefu ukutani, ua wenye kamba za kuanikia. Mpishi alitoka na kijiko mkononi akamkumbatia Mama, akanitazama mimi juu hadi chini, wala hakunisalimu. Mama alikagua kitanda chake, akavuta shuka kona moja ikakaa sawa, akasema ni pazuri. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema ndiyo, mwanangu, si mmesema nichague?

Njia nzima kwenye treni nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitaka kumwambia, Mama, turudi. Lakini tulimpa uhuru kwa maandishi na nikaona nikisema nitakuwa nimemnyang'anya. Getini alininyoosha kola, akaniambia niwahi, treni isiniache. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama pale pale akinipungia.

Ameona heri kitanda cha pili cha Mpishi kuliko mimi au wewe. Sijui tulimkosea nini. Wifi yako halali, anasema ni mapishi yake.

Kitinda


Kituo cha simu, Desemba 29

Kitinda,

Unaniuliza tulimkosea nini. Nikuulize mimi: Mama alikuwa chumbani kwako, ukuta mmoja kati yenu, na wewe ukampa barua kisha ukashuka kazini? Hukuweza hata kuketi? Mtu anasoma jambo kama lile peke yake na kikombe cha chai?

Chumba chake kwangu nilishakipaka rangi. Sina la kuongeza.

Bi Mkubwa


Kiwandani, Januari 6

Dada,

Wazo lilikuwa lako. Karatasi haina uso, ulisema mwenyewe.

Heri ya mwaka.

Kitinda


Nyumba ya Wazee, Mei 3

Mwanangu Kitinda,

Hapa ni pazuri sana. Chakula kizuri, watu wazuri, chumba kizuri. Jana nilipanga mashuka ya vyumba vya juu yote, msimamizi akapita, hakusema neno, na asiposema neno maana yake ameridhika. Mpishi anakoroma lakini ni mtu mwema.

Je, Bi Mkubwa ameshatoka shule? Mwambie baba yako afunge dirisha la uani, mvua inaingia kwenye nyuzi.

Nikishazoea nitawaita mje. Bado kidogo tu.

Mama


Kiwandani, Mei 15

Dada,

Najua hatuandikiani, ila hii ni ya Mama, nimekunakilia barua yake. Ona anavyosifu. Mimi hajawahi kunisifia kwangu, wala wewe hajawahi kukusifia kwako, tulipokuwa naye. Basi huko amepata raha yake, na sisi tukubali tu, ingawa inauma. Hayo ya Baba na shule nadhani anatutania, au alisinzia akiandika. Hajasema twende.

Kitinda


Nyumba ya Wazee, Agosti 10

Kwa binti wa mwenzangu,

Mimi ndiye Mpishi. Nimemwomba anayetufulia aniandikie haya, kwa hiyo kama kuna makosa ni yake, na kama kuna ukali ni wangu.

Mama yako nimefanya naye kazi jengo moja tangu mimi nina meno yote. Sijawahi kumwona mtu anayekaa kimya kwa ustadi kama yeye. Alipofika hapa nilimwambia asijisumbue kunidanganya. Akaniambia kwamba anao watoto wawili wenye nyumba nzuri zilizojaa upendo, na kwamba walimwandikia achague kati yao. Nikasema, basi, mbona ulichagua kuja kwangu ninayekoroma? Akasema, "Wangetaka nibaki wasingeniuliza. Na kama walitaka, ningemchagua mmoja, mwingine angelia." Nikamwambia yeye ni mjinga na watoto wake ni wajinga, na bado nasimama hapo hapo.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Tangu mvua zianze ametuacha, ingawa mwili upo. Kila asubuhi anakunja godoro lake na langu pia nikichelewa kutoka. Kisha anakwenda ukumbini, anakaa kwenye benchi linaloelekea mlango, mpaka jioni. Nikimwita kula anasema hawezi kuondoka pale.

Njooni. Msiandike.

Mpishi


Nyumba ya Wazee, Agosti 17

Kitinda mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye ukumbi wao, karatasi iko juu ya goti, uniwie radhi mwandiko. Niliondoka siku ile ile barua ya Mpishi ilipofika. Sikubadili hata sare ya kazi. Nimekuwekea barua hiyo humu, isome ukiwa umekaa.

Nilipoingia Mama alikuwa kwenye benchi lake. Amepungua, Kitinda, mabega yamekuwa ya mtoto. Aliponiona alisimama kunipisha. Nikasema shikamoo Mama, akaitikia vizuri kabisa, marahaba, kwa ile sauti anayowatolea wageni wa hoteli, akanionyesha nafasi karibu yake. Nikaketi. Nikamwambia mimi ni Bi Mkubwa. Akatabasamu, akasema na yeye ana binti anayeitwa hivyo, ni hodari sana, anaunganisha watu kwa simu hata walio mbali. Kisha akanisimulia nyumba yangu. Kila kitu, rafu, bomba, jua la asubuhi. Akasema katika maisha yake yote mahali alipolala usingizi wa kweli ni mle. Baadaye akasimulia ya kwako, kelele za mashine, watoto mgongoni, mkono wa mkeo jikoni, akasema pale alikuwa akicheka hata mchana akiwa peke yake. Hakuna nyumba aliyoipenda kuliko nyingine, Kitinda. Mwambie wifi yangu aache kujitesa na mapishi yake. Tulikuwa tunapendwa sote wawili sawasawa, na kila mmoja aliambiwa sifa za mwenzake tu.

Nilishindwa kujizuia. Nikampigia magoti pale sakafuni, mbele ya wazee wote, nikamshika mikono. Nikamwambia yale ambayo ningemwambia mwaka jana mwezi wa sita wakati tiketi iko mfukoni mwangu. Sikumuuliza. Nilisema, "Mama, tunakwenda nyumbani. Huondoki tena kwangu. Basi."

Alinipapasa kichwani. Alinihurumia, niliona. Akainama ili wengine wasisikie, akaniambia, "Asante sana, mama. Una roho nzuri. Lakini siwezi kwenda na wewe. Wanangu walisema watakuja nikishazoea. Wakifika hapa wasinikute, watadhani sikuwataka."

Nikamwambia wanao ni sisi. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akarudi kuangalia mlango.

Nilijaribu tena jana, na leo asubuhi. Mpishi pia alijaribu, kwa matusi. Tukimshika mkono kumwinua anang'ang'ania benchi akilia, na msimamizi wa hapa amesema tusimlazimishe. Nimepiga simu kituoni nimeomba likizo, na shemeji yako amenifuata, ananitafutia chumba cha kupanga huku sokoni. Wewe njoo na mkeo na watoto, njooni na treni ya kwanza, huenda akakutambua wewe, huenda kicheko chako akakitambua. Ukiingia usimsalimie kwanza, wala usimuulize kitu. Mwambie tu umekuja kumchukua.

Wakati huu ninapoandika ni alasiri, na yuko hapa kando yangu. Amenitengea nafasi kwenye benchi, akaniuliza kama na mimi kuna watu ninaowangoja. Nikasema ndiyo. Basi akanisogelea, akaufunika mkono wangu kwa wake, na tumekaa hivyo tunaangalia mlango, tukiwasubiri wanawe.

Dada yako